Plastiki inayopitisha umeme

Ndugu yangu Hamisi,

Habari za siku nyingi? Mama mpe shikamoo yangu. Ulinicheka kwenye simu: mtu anavuka bahari kwenda kupima umeme kwenye plastiki, wakati wewe fundi unavisha waya plastiki hiyohiyo usipigwe shoti! Haya, nikujibu.

Mwaka 1977 wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger waliufukizia utando wa plastiki iitwayo poliasetilini mvuke wa iodini, upitishaji wake wa umeme ukapanda mara mamilioni. Mwaka 2000 wakapewa Nobeli ya kemia. Sasa fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni. Konda anapiga kelele "sogea nyuma" mpaka sauti inamkauka, hasogei mtu. Mshushe abiria mmoja tu. Wa jirani anajisogeza, mwingine anashika pale alipotoka, na ile nafasi inatembea gari zima. Abiria ni elektroni, na iodini ndiyo inayomshusha. Tunaita dopingi, si ile ya wakimbiaji.

Kwenye silikoni, ile ya vifaa vya elektroniki, atomu moja ya kudopia kati ya milioni inatosha. Kwetu huku kwenye plastiki inabidi molekuli moja kwa kila mia, au zaidi, maana aliyeshuka haondoki. Amening'inia dirishani, anaivuta ile nafasi isiende mbali.

Plastiki yangu inaitwa P3HT, na dawa yake, inayofanya kazi ile ya iodini, F4TCNQ. Kioo kinazungushwa kwa kasi, tone la plastiki iliyoyeyushwa linatandaa kuwa utando wa nanomita makumi machache, wa zambarau. Napima kwa sindano nne: mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volti, ukinzani wa mguso usinidanganye kama mita yako ya waya mbili.

Mwezi uliopita nilijifanya mjanja, nikamimina dawa nyingi ndani ya myeyusho. Upitishaji ukashuka! Dawa ilikuwa imejazana katikati ya minyororo ya plastiki, kama magunia ya mkaa kwenye njia ya daladala. Nafasi zipo, pa kupita hapana. Sasa natandaza utando kwanza, ukikauka ndipo naudondoshea dawa iliyoyeyushwa kwenye asetonitrili, kimiminika ambacho hakiyeyushi P3HT. Minyororo inabaki ilivyojipanga. Juzi zambarau ilififia mbele ya macho yangu, na sindano zikasoma vizuri kuliko siku zote.

Ile mita niliyokuachia toa betri, zisije zikavuja ndani.

Wako,
Salum