Daftari Lililojaa Lisiwahadae: Barua kwa Wazazi na Walimu wa Chekechea Lamu

Kwa mama, baba na walimu wa watoto wetu wadogo, Mkomani hadi Langoni, Shela, Matondoni na kwengineko kisiwani.

Asalaam aleikum.

Wanangu, nimefundisha nasari mpaka nywele zikawa nyeupe, na sasa nakaa barazani nikiwatazama wajukuu wakirudi na mikoba iliyowazidi. Nimenyamaza vya kutosha. Mtoto wa miaka minne akifika mlangoni aulizwa, "Umeandika nini leo?" Daftari likiwa tupu, mama hununa. Mwalimu naye, kwa kumwogopa mama huyo, kesho yake humpa mtoto ukurasa mzima wa herufi moja aujaze. Wakubwa mmeridhika, na mtoto ameanza kuichukia kalamu.

Mtoto huzaliwa mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono ikiwa bado gegedu. Hukomaa mmoja baada ya mwengine, polepole, na akiwa chekechea kuna ambayo hata haijaanza. Mkono huo wataka kwanza kazi ya kuukaza: kukanda unga wa mahamri, kuchambua choroko, kutunga asumini uzini, kujaribu ukili pembeni ya bibi yake. Ninyi wa Matondoni mnaosuka mikeka, hapo ukumbini mna somo ambalo shule nyengine hulinunulia vifaa. Kalamu itafika wakati wake, na vidole vitakuwa tayari.

Msidhani ni mambo ya kizee tu. Miaka ya 1980, Waislamu wa pwani walipotaka watoto wao wapate elimu ya awali bila kuachana na dini, mpango wa chekechea za madrasa ulianza Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Walimu wake walifunzwa kutengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana hapo hapo mtaani, na watoto wakajifunza kwa kushika na kucheza. Mtaala wa umilisi ulioenea nchi nzima tangu 2019 nao wataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Kwa hivyo, mwalimu, mzazi akikudai kurasa, una la kumjibu. Madawati na vyoo ni jukumu la kaunti, maana Katiba ya 2010 iliikabidhi chekechea. Nendeni huko mkadai. Haya yangu hayangoji bajeti.

Sasa lile linalonikera zaidi. Mtoto wa Lamu asubuhi yuko chekechea, jioni yuko chuoni akisoma Kurani. Asubuhi jicho lake latoka kushoto kwenda kulia. Jioni, kwenye alif na be, latoka kulia kwenda kushoto. Sisi tumezoea hata hatuoni. Kisha akigeuza b ikawa d, au akianza kuandika jina lake kutoka upande wa kulia, aitwa mzito. Mzito! Anabeba hati mbili na hata jino la kwanza halijang'oka. Kugeuza herufi umri huu ni kawaida hata kwa watoto wenye hati moja tu. Mwalimu, mtilie kitone cha rangi pale ukurasa unapoanzia, na maalim wa chuoni afanye hivyo upande wake, kwa rangi nyengine. Lakini hilo litawezekana vipi ikiwa ninyi wawili, mnaomfunza mtoto yule yule siku ile ile, mwapitana uchochoroni kwa salamu tu?

Na akisema "mato" kwa macho au "ndia" kwa njia darasani, asichekwe. Hiyo ndiyo lugha aliyonyonyeshwa nayo. Mjibuni kwa Kiswahili cha kitabuni bila kumkatiza, ataokota mwenyewe. Mtoto aliyechekwa leo hanyoshi mkono kesho.

Mababa, msijitoe kwa kusema hayo ni ya wanawake. Samaki wakishushwa, mwiteni mtoto atenganishe changu na tafi, wakubwa na wadogo, kisha ahesabu mafungu. Mkipita ufukweni mtajieni tanga, foromali, usukani. Usiku simu iwekwe kidakani, ategewe vitendawili, alale mapema. Asubuhi asiondoke bila kula chochote. Tumbo tupu halisikilizi mwalimu.

Mlangoni nako, badilisheni swali. Muulizeni amecheza na nani, amejenga nini, nani amelia na kwa nini, kisha mwacheni aseme hadi amalize. Mwalimu, unapomkabidhi kwa mzazi, taja jambo moja tu aliloliweza siku hiyo. Mzazi naye aseme kama mtoto hakulala, au kama nyumbani kuna msiba.

Nawaomba mkutane kabla ya muhula ujao, walimu wa chekechea, wa chuoni na wazazi. Iwe Ijumaa jioni, chuo kinapokuwa kimefungwa, na si asubuhi ambapo wavuvi wako baharini mkabaki akina mama peke yenu. Ukumbi wangu una nafasi, na mahamri nitapika mimi.