Alama za simuleta zisitumike kuchagua wapasuaji

Ndugu Mhariri,

Pendekezo lililotolewa katika safu hii, kwamba madaktari wanaoomba kusomea upasuaji wapangwe kwa alama za simuleta, yaani kifaa cha kufanyia mazoezi ya upasuaji bila mgonjwa, na walio chini waachwe, linachanganya maswali mawili. Swali moja ni kama mazoezi ya simuleta humfanya mwanafunzi afanye kazi vizuri zaidi anapofika kwa mgonjwa. Lingine ni kama alama ya mwanafunzi huyo hututabiria atakuwa mpasuaji wa namna gani. La kwanza limejibiwa: ndiyo. La pili limejibiwa nusu tu, na ndilo pendekezo hilo linaloliegemea.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwagawa kwa kura madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Nusu yao walifanya mazoezi kwenye simuleta ya kompyuta hadi wakafikia kiwango cha wapasuaji wazoefu. Kisha wote wakabandua kibofu cha nyongo kutoka kwenye ini la mgonjwa, na waliokagua video hawakujua nani alikuwa kundi gani. Waliofanya mazoezi walitumia muda pungufu kwa asilimia 29. Wenzao walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi kibofu cha nyongo au kuunguza sehemu isiyokusudiwa. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walipima upasuaji wa kuondoa mrija wa uzazi: waliopitia simuleta walichukua dakika 12, wasiopitia dakika 24, na ustadi wa wale wa kwanza ulilingana na wa daktari aliyekwisha kufanya upasuaji wa matundu, yaani wa kupitisha kamera na vifaa virefu kwenye vitundu vya tumbo, mara 20 hadi 50.

Neno la kulishika hapo ni “kiwango”. Hawakuambiwa wafanye saa kadhaa kisha wapewe cheti. Saa hazisemi lolote, maana mmoja hufika mapema na mwingine huhitaji muda maradufu. Chukua zoezi la msingi la upasuaji wa matundu: kuhamisha vipande sita vya mpira kutoka vigingi vya upande mmoja hadi wa pili, kila kipande kikipokezanwa hewani kati ya koleo mbili, kisha kuvirudisha vyote. Shabaha inayotumika sana ni sekunde 48 bila kipande kudondoka nje ya upeo wa kamera, mara mbili mfululizo, halafu mara 10 nyingine. Anayeanza hukosea kwa sababu zinazojulikana. Kifaa hugeukia kwenye tundu, hivyo mkono ukienda kulia ncha huenda kushoto. Picha ya kamera ni bapa, haionyeshi kina. Naye huachia kipande kabla koleo ya pili haijafunga. Kwenye kushona, fundo huanza kwa mzunguko maradufu na kufuatiwa na mizunguko miwili ya mmoja mmoja, sindano ikibadilishwa mkono kila mara. Asipobadilisha, fundo huteleza. Akivuta kwa pupa, mpira anaoushona hung'oka kwenye kibao chake, na mvuto huohuo kwa mgonjwa ungechana utumbo. Ndiyo maana mwanafunzi anayepimwa kwa kasi pekee hufundishika vibaya: hujifunza kuchokoa na kuvuta.

Sasa utabiri. Tafiti nyingi zinazoonyesha alama za simuleta zikifuatana na ustadi ziliwaweka pamoja wanaoanza na mabingwa. Hapo uhusiano lazima uonekane, kwa kuwa pengo kati ya makundi hayo ni kubwa mno. Lakini anayechagua wanafunzi hachagui kati ya mwanafunzi na bingwa. Ana mbele yake watu wanaokaribiana, na katika kundi finyu namna hiyo uhusiano hufifia. Alama ya siku ya kwanza, tena, huonyesha zaidi nani amewahi kushika vifaa hivyo. Ukitaka kujua kitu kuhusu mtu, tazama mwendo wa alama zake katika marudio mengi. Aliyeanza vibaya akapanda hana tatizo. Anayebaki palepale licha ya kuelekezwa vizuri ndiye wa kuangaliwa kwa makini, na watu wa namna hiyo ni wachache.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo linalotusumbua tunaofundisha kazi hii. Mwaka 2003 ulichapishwa uchambuzi wa majeraha 252 ya mirija ya nyongo yaliyotokea katika upasuaji wa matundu. Katika asilimia 97 chanzo kikuu kilikuwa macho kudanganyika: mpasuaji aliuona mrija mkuu akaamini ni ule unaotoka kwenye kibofu. Dosari za mikono zilikuwa asilimia 3 tu. Kinga yake ni kusafisha mafuta na utando kwenye pembetatu iliyo kati ya kibofu na mrija mkuu, kubandua sehemu ya chini ya kibofu kutoka kwenye ini, na kutokata chochote hadi vionekane vitu viwili tu vinavyoingia kibofuni: mrija wake na mshipa wake wa damu. Vigingi na vipande vya mpira havipimi kabisa subira hiyo, wala uamuzi wa kuacha matundu na kufungua tumbo pale uvimbe unapoficha kila kitu.

Kilichoonyesha uhusiano na hali ya wagonjwa ni video za upasuaji halisi. Mwaka 2013, Michigan, wapasuaji 20 wa kupunguza unene walituma kila mmoja video moja, ikapimwa na wenzao wasiojua ni ya nani. Robo ya chini kwa ustadi ilikuwa na matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 14.5 ya wagonjwa, robo ya juu asilimia 5.2.

Kwa hiyo tunapendekeza simuleta iwe sharti la kuingia chumba cha upasuaji, si mizani ya kumchagulia mtu kazi. Mazoezi yagawanywe kwa wiki kadhaa badala ya kurundikwa siku moja, kwa kuwa ustadi uliogawanywa hudumu zaidi. Makosa yahesabiwe pamoja na muda. Baada ya hapo, kila mwanafunzi apimwe kwa video kadhaa za wagonjwa wenye ugumu tofauti, zikiwa hazina jina, na wakaguzi wasiopungua wawili. Asiyefikia kiwango asiingie kwenye orodha ya upasuaji wa wiki hiyo, apewe mkufunzi wa kukaa naye na kumsahihisha kosa kwa kosa, kisha apimwe upya. Na aliyekaa miezi bila kushika vifaa arudie zoezi kabla ya kurudi kwa mgonjwa, hata kama cheti anacho.

Mkufunzi wa upasuaji wa matundu