Davidson hakuwa profesa wa Oxford

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu magofu ya Kilwa Kisiwani niliisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri, na mpigapicha wenu alikuwa na subira ya kungoja jua lishuke ndipo apige ile picha ya Husuni Kubwa, kasri la kale la masultani, subira ambayo wageni wengi wa siku moja hawana. Ila kwenye aya ya nne mwandishi anamtaja "Profesa Basil Davidson wa Chuo Kikuu cha Oxford". Hapo chai yangu ilipoa mezani.

Davidson, mwandishi wa habari Mwingereza aliyeandika historia ya Afrika, hakuwa profesa wa Oxford. Hakusoma Oxford wala chuo kikuu kingine chochote. Alizaliwa Bristol mwaka 1914, akaacha shule ana miaka 16 kwa sababu alitaka kuwa mwandishi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandika matangazo ya ndizi kwenye madirisha ya maduka huko kaskazini mwa Uingereza. Kutoka kwenye ndizi alijipenyeza magazetini, akafanya kazi The Economist na The Star, gazeti la jioni la London. Ni kweli baadaye vyuo vilimwalika kufundisha, cha Ghana kikiwemo, na vingine vikampa shahada za heshima. Lakini riziki yake ilitoka kwenye kalamu.

Ningenyamaza kama kosa lingekuwa la cheo tu. Siku hizi nani si profesa au daktari? Kinachoniuma ni hicho chuo mlichompa. Mwaka 1963 profesa wa historia mwenye kiti kikubwa pale Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitoa mihadhara iliyorushwa kwenye televisheni ya Uingereza. Humo alisema kwamba pengine siku za usoni kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa, ila kwa wakati ule haikuwepo. Iliyokuwepo, kwa maneno yake, ni historia ya Wazungu barani Afrika, na kilichobaki ni giza. Miaka minne kabla ya mihadhara hiyo yule mbandika matangazo alikuwa ameshatoa kitabu kizima, Old Africa Rediscovered, kinachoeleza Meroe, Ghana ya kale, Mali, Zimbabwe Kuu na miji ya pwani yetu. Sasa nanyi mnamchukua mtu huyo na kumkabidhi kwa waliosema hatuna cha kuandikwa.

Mtu huyu aliifikia Afrika kwa njia ya mzunguko, na ule mzunguko una maana yake. Vita vilipoanza mwaka 1939, idara ya ujasusi ya Uingereza ilimchukua na kumpeleka Budapest, Hungaria, kuendesha shirika la habari, ambalo kwa kweli lilikuwa pazia. Huko alificha vilipuzi kwenye chumba cha chini cha ubalozi wa nchi yake mwenyewe, na balozi alipovigundua akaamuru vitupwe mtoni Danube. Mwaka 1941 Wajerumani wakaivamia Yugoslavia, yeye aliyekuwa amekimbilia huko akatiwa mbaroni na Waitaliano, kisha akaachiwa kwa kubadilishana wafungwa. Agosti 1943 akashushwa Bosnia kwa parachuti, akaishi na wapiganaji wa msituni wa Tito, kiongozi wa wakomunisti wa Yugoslavia. Mwishoni mwa vita alikuwa kwenye milima ya Liguria na wapiganaji wa msituni wa Italia, na Aprili 1945 Wajerumani waliposalimu amri Genoa, yeye alikuwepo.

Mimi naamini Bosnia ndiko alikojifunzia kuiona Afrika. Mtu aliyekula chakula cha mkulima maskini, akijua kwamba mkulima huyo akigundulika nyumba yake itachomwa moto, hawezi tena kuandika historia ya wafalme peke yao. Miaka 20 na zaidi baadaye, alipoingia misitu ya Guinea-Bissau, alikuwa anajua swali la kwanza la kuuliza: hawa wapiganaji wanalishwa na nani? Amílcar Cabral mwenyewe, kiongozi wa wapigania uhuru wa huko, ndiye aliyekiandikia dibaji kitabu chake cha 1969 kuhusu vita vile. Mwaka 1970 Davidson, akiwa na miaka 55, aliingia mashariki ya Angola kwa miguu na wapiganaji wa MPLA, chama kilichopigania uhuru wa nchi hiyo.

Na hapa kwetu kusini ana njia yake pia. Julai 1968 alivuka kutokea Tanzania hadi Niassa, Msumbiji, kwenye mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa nchi hiyo, uliofanyika porini Matchedje, ng'ambo ya Ruvuma. Akamkuta huko Eduardo Mondlane, rais wa chama hicho. Februari ya mwaka uliofuata Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Kila nikilifundisha tukio hilo darasani kulikuwa na mwanafunzi aliyekisukuma mbali kidogo kitabu kilichokuwa mbele yake, na wenzake wakamcheka, halafu wakanyamaza.

Narudi Kilwa, maana ndiko mlikoanzia. Davidson hakuchimba hapa hata futi moja. Alichofanya ni kazi ya mwandishi wa habari: kuwafuata waliochimba, kusoma ripoti zilizokuwa zimelala kwenye makabati ya makumbusho, kulinganisha msafiri huyu na yule, kisha kuyaandika yote kwa lugha ambayo karani au muuguzi angeisoma jioni bila kusinzia. Katika mwaka wa 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipita pwani hii na kushangaa wingi wa vigae vya kaure ya China, vya kuzoa kwa koleo. Mtaalamu angekiweka kigae kwenye boksi na kukipa namba. Davidson alikiona kikiwa habari: sultani wa Kilwa alikula kwenye sahani za China, na dhahabu iliyozilipia ilitoka bara, nyuma ya bandari ya Sofala huko Msumbiji.

Mwaka mmoja niliwapeleka vijana wa kidato cha pili kisiwani kwa mashua. Maji yalikuwa yametoka, ikabidi tuteremke tutembee kwenye tope, viatu mkononi. Karibu na Msikiti Mkuu binti mmoja aliinama akaokota kipande cha kaure cha kijani kibichi, hakizidi ukucha wa dole gumba, kinang'aa upande mmoja. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki kimetoka China kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akakigeuza, akakifuta kwa ncha ya mtandio, akasema, "Basi kuna mtu alikivunja akagombezwa." Mlinzi alikuwa ameshatuona, akamwamuru akirudishe pale pale alipokitoa, akakirudisha. Katika miaka yangu 31 ya kufundisha sikupata kusikia historia ya Kilwa ikielezwa vizuri kuliko vile, na nadhani ndivyo Davidson alivyoiendea.

Kuna jambo jingine ambalo makala yenu imelipita haraka. Wakati Davidson anaandika, wataalamu wengi waliihesabu miji ya pwani kuwa makoloni ya Waarabu na Waajemi yaliyojibandika ukingoni mwa Afrika. Yeye alishikilia kwamba ni miji ya Waswahili, ni ya Kiafrika, iliyopokea dini na biashara kutoka ng'ambo bila kuacha kuwa yenyewe. Ilibidi tungoje uchimbaji wa miaka ya 1980 kule Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, wakakuta chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti ya miti na udongo iliyoutangulia, ndipo mjadala ugeuke. Sisemi alikuwa nabii. Alikuwa na mazoea ya mwandishi mzuri ya kutomwamini mtu anayesema kwamba wenyeji hawakuhusika.

Msinielewe vibaya nikaonekana namfukizia ubani. Aliwaandika wapigania uhuru kama rafiki anavyomwandika rafiki, na nyufa zilizokuja kuonekana baada ya uhuru hakuziandika mapema. Kwenye vitabu vyake vya mwanzo anapenda mno dola zenye makasri na dhahabu, kana kwamba jamii isiyo na mfalme inabidi iombe radhi. Mwaka 1992, akikaribia miaka 80, alitoa kitabu cha kuuliza kwa nini mataifa yetu yamekwama, akainyooshea kidole mipaka na mfumo wa dola tuliorithi kwa wakoloni. Wapo waliosema alichelewa. Nakubali alichelewa, ila nawakumbusha kwamba huyu ndiye aliyekwenda Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaandika alichokiona, akapigwa marufuku kurudi, halafu akaenda Kongo na Angola kuandika habari za kazi ya shuruti wakati magazeti mengi ya kwao yakiona ni mambo ya mbali. Kwao nako hakupendwa na kila mtu. Baada ya vita aliandikia The Times, lakini mtu aliyepigana bega kwa bega na wakomunisti wa Tito hakukosa kutazamwa kwa jicho la shaka. Mfululizo wake wa televisheni kuhusu Afrika, vipindi vinane, ulitoka mwaka 1984 akiwa anakaribia miaka 70. Alifariki Julai 2010.

Walimu wa rika langu tulimjua kabla ya hayo yote ya televisheni. Mwaka 1967 alitoa kitabu cha shule cha historia ya Afrika Mashariki na Kati akishirikiana na J.E.F. Mhina, mwanahistoria wa Kenya Bethwell Ogot akiwa mshauri, na ndicho tulichotumia. Kitabu kimoja wanafunzi wanne, wa pembeni wakisoma kwa kuinamisha shingo. Jina la Mhina lilikuwa pale pale mwanzoni, na vijana walikuwa wakiniuliza habari za Mhina kuliko za Davidson.

Kwa hiyo naomba marekebisho yachapwe, na yawekwe mahali yatakapoonekana, si chini ya matangazo ya vifo. Andikeni tu "mwandishi wa habari". Nakala yangu ya kile kitabu cha 1967 bado ninayo, jalada limeachia na ukurasa wa Kilwa una alama ya kikombe. Mwandishi wenu akipita tena huku, aje aisome hapa hapa barazani, kwa maana kuazimisha vitabu nimekoma.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kilwa Masoko