Asilimia 40 ya nini, na ya wapi?

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu la Jumatano iliyopita, ukurasa wa kilimo, lilianza habari kwa kusema kwamba asilimia 40 ya mazao ya mkulima hupotea baada ya mavuno. Nililisoma nikiwa kwenye daladala ya Kihonda kwenda mjini, na nusura nilikunje gazeti abiria mwenzangu asione. Sentensi ile naifahamu. Si ajabu niliiandika mimi.

Kazi yangu ni kuandika maandiko ya kitaalamu kwa niaba ya wengine. Kampuni au shirika lina jambo linalotaka serikali, mfadhili au wanunuzi waliamini. Linanipa siku chache, nasoma ripoti, napiga simu, nakesha na majedwali, kisha natoa kurasa 20 au 30 zenye jina lao juu. Langu halimo. Nimeifanya miaka 14 na imenisomeshea watoto wawili, kwa hiyo sitaitukana.

Mwaka 2017 mteja mmoja anayeuza vyombo vya kuhifadhia nafaka alinipa siku tisa. Siku ya nane, saa saba usiku, kila kitu kilikuwa kimekaa isipokuwa sentensi ya kwanza. Na hiyo ndiyo inayolipwa: mkubwa huisoma amesimama, kurasa zilizobaki anamwachia msaidizi wake. Nikakumbuka kuna mahali niliona asilimia 40. Nikaitafuta, nikaikuta kwenye ripoti ya shirika fulani, nikaiweka, nikaandika tanbihi, nikalala. "Inakadiriwa kuwa asilimia 40..." Inakadiriwa na nani? Kitenzi kile hakina mwenyewe, na usiku ule nilifurahi kwamba hakina.

Miaka miwili baadaye kijana wa chuo akanipigia, namba amepewa na mteja. "Shikamoo mama. Samahani, naomba kujua ile asilimia 40 mliipimaje?"

Mliipimaje! Nikamwambia nitamrudia.

Nilitumia siku tatu kuifuata takwimu ile nyuma, kama mtu anayefuata kwato za mbuzi aliyepotea. Ripoti niliyoinukuu ilinukuu nyingine, ile nyingine ikanukuu hotuba, na hotuba haikutaja kitu. Njia ya pili ikanifikisha kwenye ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2011, ile iliyosema karibu theluthi moja ya chakula cha dunia, tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hupotea au hutupwa. Ndani yake kila kundi la chakula limetengwa, na kila sehemu ya dunia imetengwa. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, hasara ya nafaka iko chini sana ya ile ya mihogo na viazi, na matunda na mboga ndiyo yanayoongoza kwa kuharibika. Nadhani mmoja wetu, huko njiani, alichukua hasara ya nyanya na mihogo akaivisha mahindi.

Ripoti yenyewe iliandaliwa na taasisi moja ya utafiti ya Sweden kwa ajili ya kongamano lililofanyika Düsseldorf, Ujerumani, sambamba na maonyesho ya wenye viwanda vya vifungashio. Sisemi ilidanganya. Waandishi wake walikiri wazi kwamba data zilikuwa na mapengo na ilibidi wakisie. Ila nilicheka peke yangu sebuleni: kumbe hata wao walikuwa na tarehe ya kukabidhi. Mwaka 2019 FAO walitoa hesabu nyingine, kwamba asilimia 14 ya chakula hupotea baada ya mavuno kabla hakijafika dukani. Hiyo wateja wangu hawajawahi kuniomba. Kumi na nne haimtishi mtu.

Na kuna waliowauliza wakulima wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliotumia takwimu za kaya za Malawi, Uganda na Tanzania, ulikuta mahindi ambayo wakulima walisema yamewapotea mikononi ni kati ya asilimia 1.4 na 5.9 ya mavuno ya nchi. Niliposoma hivyo sikuamini. Nikapanda basi la Dodoma, kwa nauli yangu, nikashuka Kibaigwa.

Bwana shamba mstaafu, rafiki wa marehemu baba, alinipeleka kwa mama mmoja mwenye magunia manane ghalani, ya msimu uliopita. Mzee akachoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, juu, katikati na chini, akachekecha mpaka vumbi likaisha, akamwaga kwenye ungo. "Haya, hesabu punje elfu moja." Mimi na shahada yangu ya uzamili, kwenye kigoda, nahesabu punje: nzima kushoto, zilizotobolewa kulia. Mtobozi ni dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati aliyebainika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 au hapo karibu. Wakulima wakambatiza Scania, kama lori, na Wakenya nao wakaja kumwita Osama. Nikapata nzima 788 na zenye matundu 212. Kwa macho ungeapa kwamba sehemu ya tano ya gunia imeliwa. Mzee akapima kila fungu kwenye mizani ndogo: nzima gramu 276, zilizotobolewa gramu 57. Zile 212 zingekuwa nzima zingepata gramu 74 hivi. Zimepungua gramu 17 kati ya 350. Haifiki hata asilimia 5.

Nikashangilia kidogo, nikiona nimeukamata ukweli. Mwenye mzigo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye kanga. "Mdogo wangu," akaniambia, "hesabu zenu nzuri. Lakini dalali akiona huo unga chini ya gunia haulizi gramu. Anakata bei ya gunia zima, na bado anataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo."

Hilo sikuwa nimelisoma popote kwa namna ile. Uzito uliopotea ni kitu kimoja, pesa iliyopotea ni kitu kingine. Na kuna cha tatu kibaya zaidi: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Mahindi yale ungeyaweka kwenye mizani yasingekuonyesha hasara yoyote.

Njiani mzee akaniongezea jambo. Yule mama alivuna magunia 20 na kumi na mawili alikwisha kula na kuuza. Dumuzi wa mwezi wa tisa anakula yaliyobaki, hawezi kurudi nyuma akala yaliyokwisha liwa. Lakini mpimaji akija mwezi wa tisa, akakuta theluthi imeharibika, anaandika theluthi ya mavuno. Wengine hujumlisha asilimia ya shambani, ya kukausha, ya kupukuchua na ya ghalani kana kwamba zote zimetoka kwenye gunia lile lile zima.

Juni 2014 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Malabo, Guinea ya Ikweta, wakaahidi kupunguza hasara hizi kwa nusu ifikapo mwaka 2025. Nusu ya ngapi? Nchi iliyoanza na 40 ya kuokota inaweza kutangaza ushindi kwa kupima vizuri tu, bila mkulima hata mmoja kupata mfuko mpya.

Siku hizi mteja akinipa siku tisa, mbili za kwanza siandiki. Nina kidaftari cha shule, mistari mikubwa: takwimu, zao, hatua gani, mwaka, nani alipima na nani alimlipa. Isiyojaza mstari mzima haiingii, hata iwe tamu vipi. Siku ya tatu nampigia mteja kumwambia namba inakoelekea, maana akisubiri kuiona siku ya mwisho atadai nimemharibia. Mmoja alinijibu, "Dada, asilimia 5 itamwamsha nani?" Nikamwambia basi tuandike bei ya dalali, ndiyo inayomuuma mkulima. Alinilipa nusu akatafuta mwingine. Sentensi ya kwanza naiandika mwisho kama zamani, ila sasa naiandika mchana.

Ndugu Mhariri, simlaumu mwandishi wenu. Mimi hupewa siku tisa. Yeye pengine amepewa hadi saa kumi jioni, na simu ya chanzo chake haipokelewi. Naomba tu dawati lenu limuulize maswali manne kabla ukurasa haujafungwa: ya zao gani, ilipotea katika hatua gani, wapi, na nani alihesabu. Akikosa majibu aandike "mahindi mengi". Msomaji ataelewa, na mwandishi hatapelekwa kortini kwa hilo.

Yule kijana wa chuo nilimrudia, nikamweleza yote, nikamwomba asininukuu. Akasema tasnifu imeshafungwa jalada. Kuhusu andiko lenyewe, nimemwandikia mteja wangu wa 2017 mara mbili nikimwomba aiondoe ile sentensi. Mara ya pili alijibu kwa adabu kwamba ataibadilisha nakala zilizochapwa zikimalizika. Zimebaki maboksi manne.

Wako,
Msomaji wenu, Kihonda, Morogoro