Programu za kuandaa masomo zisiishie kwenye kuandika andalio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu programu za akili mnemba zinazowasaidia walimu na wakufunzi kusanifu mafunzo, yaani kuandaa azimio la kazi, andalio la somo, zana za kufundishia na maswali ya upimaji. Ninaandika nikiwa Dodoma, mji ambao Wizara ya Elimu na TAMISEMI (ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa) zina makao yake, na ambao Chuo Kikuu chake kinawafundisha wataalamu wa kompyuta na walimu katika eneo moja, kwa hiyo wanaobuni programu hizi na watakaozitumia hawana sababu ya kutosikilizana.

Kila ninapowasikia wabunifu wakieleza wanachotaka kuongeza katika matoleo yajayo, orodha huwa ni ile ile: picha zinazotengenezwa papo hapo, sauti ya kusoma somo, michoro inayotembea, maswali mia moja kwa kubonyeza mara moja. Sivipingi vitu hivyo, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kufaidika na picha nzuri kuliko sisi watu wazima tunavyodhani. Shaka yangu ni kwamba vyote vinaongeza nguvu katikati ya kazi, mahali ambapo programu tayari zina nguvu ya kutosha, ilhali mwanzo na mwisho wa kazi hiyo vimebaki vitupu.

Waliosoma usanifu wa mafunzo wanaufahamu utaratibu wa ADDIE, ulioandaliwa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya mafunzo ya Jeshi la Marekani. Una hatua tano: uchambuzi, usanifu, uandaaji, utekelezaji na tathmini. Programu nyingi za sasa zinaruka hatua ya kwanza, zinafanya ya pili na ya tatu kwa kasi ya ajabu, kisha zinamwachia mwalimu mbili zilizobaki. Matokeo yake ni andalio lililonyooka, ambalo mwalimu wa taaluma atalisaini na mthibiti ubora wa shule ataridhika nalo, lakini halijui lolote kuhusu watoto waliokaa mbele ya mwalimu. Na tuseme ukweli, hata kabla ya akili mnemba wapo walioandika andalio kwa ajili ya mkaguzi kuliko kwa ajili ya darasa. Mashine imewarahisishia tu.

Niliwahi kuiomba programu moja iandae somo la hali ya hewa na majira ya mwaka kwa shule ya msingi. Ilileta somo lililopangika, lenye masika na vuli, na mwishoni zoezi la kutaja mazao yanayovunwa baada ya mvua za vuli. Mtoto wa Bahi au Chamwino, wilaya za hapa Dodoma, hana vuli. Ana msimu mmoja wa mvua, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita mvua za msimu, unaoanza karibu na Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, halafu kiangazi kirefu. Wakati wenzake wa pwani ya kaskazini wanapata mvua za vuli, nyumbani kwao bado wanasafisha shamba la uwele na mtama. Programu haikukusudia kupotosha. Mashine hizi hukisia maneno kutokana na matini zilizojifunzia, na pale ambapo matini kuhusu mahali fulani ni haba, hujaza pengo kwa habari za mahali pengine palipoandikwa zaidi.

Dawa yake si kuisubiri mashine ijue kila kata ya nchi hii. Toleo lijalo liwe na kipengele kinachouliza kabla ya kuandika: shule iko wapi, darasa lina wanafunzi wangapi, kuna vifaa gani, somo lililopita liliishia wapi. Majibu yahifadhiwe ili mwalimu asiulizwe upya kila siku. Andalio linaloagiza makundi ya wanafunzi wanne wanne, kila kundi na bango kitita lake, ni andalio zuri kwa darasa la watu ishirini. Kwa darasa la watoto tisini na wawili ni makundi ishirini na matatu, na mwalimu ana karatasi mbili za manila na kalamu moja ya wino mzito.

Katika mwanzo huo huo lipo suala la mtaala. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, madarasa mengine yakitangulia na mengine yakifuata, kwa hiyo mtandaoni mihtasari ya masomo ya zamani na mipya imechanganyika. Programu ionyeshe kila umahiri mahususi, yaani uwezo ambao somo linalenga kumjengea mwanafunzi, umetoka katika muhtasari upi wa Taasisi ya Elimu Tanzania na ukurasa gani, na pale isipopata chanzo iseme hivyo waziwazi badala ya kutunga.

Lakini kipengele ambacho ningekipigania kuliko vyote kiko mwisho. Chini ya fomu ya andalio kuna nafasi ya tathmini na maoni. Katika maandalio mengi niliyopitia, ya wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha na ya walimu wazoefu, sentensi inayojirudia ni kwamba somo limefundishwa na wanafunzi wengi wameelewa. Hakuna anayeisoma tena, hata aliyeiandika. Hapo ndipo akili mnemba ingeweza kufanya kazi ambayo mwalimu mmoja mwenye madaftari tisini hawezi kuimaliza jioni. Chukua somo la sehemu: watoto wameambiwa wajumlishe 1/2 na 1/3, na wengi wamepata 2/5. Jibu hilo si uzembe. Mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini), kwa mantiki ile ile iliyomfaa kwenye namba nzima. Mwalimu akiyapiga picha majibu hayo, au akiyasema tu kwa sauti kwenye kishikwambi, programu iyapange kwa makosa yanayofanana, ikisie fikra iliyoyazaa, kisha andalio la kesho lianzie hapo, pengine kwa kukunja karatasi mbili zinazolingana, moja vipande viwili sawa na nyingine vipande vitatu sawa, watoto waone kwamba vipande vyake havilingani na haviwezi kuhesabiwa pamoja kabla ya kukatwa upya. Makosa yaliyokusanywa namna hiyo yangekuwa pia mada nzuri kwa walimu wanapokutana katika jumuiya za ujifunzaji chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini.

Kwa kuwa kipengele hiki kinagusa kazi za watoto, programu ikumbuke darasa, isimkumbuke mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na jina la mwanafunzi halihitajiki ili kufahamu kwamba darasa limekwama kwenye asili za sehemu.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na programu ipimwe kwa kifaa cha namna hiyo, si kwa kompyuta mpya ya mbunifu. Ifanye kazi mtandao ukikatika, itume taarifa ukirudi, na andalio liweze kuchapwa kwenye karatasi moja ya A4. Gharama ya bando isiwe ya mwalimu.

Timu yoyote inayopanga toleo lijalo naishauri iahirishe michoro inayotembea kwa muhula mmoja, iende katika shule chache za Bahi, Kongwa au Mpwapwa, na kumwomba kila mwalimu alete maandalio mawili yanayofuatana ya somo moja na darasa moja, yaliyotengenezwa kwa programu yao. Wasihesabu maandalio mangapi yametengenezwa wala kwa dakika ngapi. Walisome la pili, watafute kitu chochote ndani yake ambacho kisingeandikwa kama watoto wasingekosea jana yake.

Mkufunzi wa ualimu,
Dodoma.