Harambee ya banda la kuku na miche ya ndimu, watoto wa PP1 na PP2 (madarasa ya awali)

Wazazi wetu, majirani na marafiki wa shule hapa Kakamega, hamjambo.

Muhula uliopita mtoto mmoja wa PP2 aliniletea jani la ndimu akasema, "Tichaa, ndege amekunya hapa." Nami niliamini. Nilikuwa karibu kulitupa dirishani, mavi yakaanza kutembea.

Alikuwa kiwavi wa kipepeo wa ndimu. Akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Tulimtia kwenye chupa iliyokatwa, tukafunika kwa kipande cha neti kuukuu. Alikula majani bila kupumzika, akageuka kijani, na kila alipochokozwa alitoa kichwani pembe mbili laini zenye harufu kali, darasa zima likapiga kelele. Kisha akajifunga kwenye kijiti akawa pupa, kimya. Wengine walisema amekufa, na mmoja akaomba tumzike. Asubuhi moja tukamkuta kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano, mabawa yamekunjamana kama shati lililotoka kufuliwa. Tulikaa tukiyatazama yakikauka. Hakuna aliyeomba kwenda msalani.

Nimefundisha kwa chati ya ukutani kwa miaka mingi, na ninaijua tofauti.

Baada ya hapo mama mmoja alituazima kuku anayeatamia, na mayai 12. Kila asubuhi mtoto mmoja alitia kifuniko kimoja cha soda kwenye kopo. Vilipofika 21 vifaranga walikuwa wameanza kutoboa, na hata wale wanaokwama kwenye kuhesabu wakawa wanajua 21 ni nini. Walitoka 9. Hatukuwa na banda, bali kikapu kwenye kona ya darasa na ua wazi nje. Mwewe aliwachukua 4 katika wiki moja, watoto wakiona. Hilo nalo ni somo, lakini si lile tulilopanga.

Mengine hatuyaombei pesa. Kumbikumbi huja wenyewe mvua ikinyesha, na watoto hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha kupiga vijiti juu ya kichuguu. Sisi tuliongeza tu swali la wale wanaoponyoka sufuria: huangusha mabawa, dume na jike hufuatana, huchimba na kuanza kichuguu kipya. Kwenye beseni la maji ya mvua tuliona viluwiluwi vya mbu, na sasa nasikia kuna nyumba ambazo watoto ndio wanaomwaga maji ya ndoo kila wiki. (Samahani kwa yule baba aliyemwagiwa ya kuoga.)

Tunachoomba ni hiki. Banda la kuku lenye waya, mabati na fundi: Sh 27,000. Lenzi za mkono 20: Sh 6,000, leo tunayo moja, watoto ni 63, na foleni yake huisha kengele ikilia. Miche ya ndimu, mbolea na mabeseni: Sh 3,500. Jumla Sh 36,500. Kamati ya wazazi imeshachanga Sh 8,200, kwa hiyo zimebaki Sh 28,300.

Tukutane uwanjani kwetu Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Hatukumwalika mheshimiwa yeyote. Watoto ndio watakaowatembeza. Michango inapokelewa na mweka hazina wa kamati, na kila shilingi itaandikwa kwenye karatasi itakayobandikwa langoni. Asiye na pesa alete nguzo, misumari, mche kutoka shambani au mikono yake siku ya ujenzi. Nguzo ziwe ngumu tafadhali, mchwa wetu hawana huruma.

Na aliye na kuku anayetaka kuatamia asimuuze kwanza. Vifuniko vya soda tunavyo tayari.

Mwalimu wa PP2, kwa niaba ya kamati ya wazazi