Jerry Rice hakuanzia San Francisco

Mhariri,

Kila anapotajwa Jerry Rice, mdakaji wa pasi wa zamani wa mpira wa Kimarekani, kwenye kurasa za michezo, simulizi huanzia San Francisco: mataji matatu ya Super Bowl, yaani fainali ya ligi, misimu 20 katika NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, yadi 22,895 alizozipata kwa kudaka pasi. Sina ugomvi na takwimu hizo. Yadi hizo ni karibu kilomita 21, yaani umbali wa nusu marathoni, na anayemfuata, Larry Fitzgerald, ameachwa kwa zaidi ya yadi 5,000. Ninachodai ni haki ya chuo kilichomlea.

Rice ni mtoto wa fundi mwashi wa Crawford, Mississippi. Alimsaidia baba yake kazini kwa kudaka matofali aliyorushiwa, na mwenyewe amesimulia kwamba mikono yake ilikomaa pale. Vyuo vikubwa vilimpita. Aliyemchukua ni Mississippi Valley State (Valley), chuo kidogo cha Wamarekani weusi kilichopo Itta Bena, katika nchi ya mashamba ya pamba. Kocha Archie Cooley alikuwa na ujasiri ambao vyuo vyenye fedha havikuwa nao: timu yake ilirusha mpira karibu kila mara, tena mara nyingi bila kukusanyika kupanga mchezo. Mrushaji alikuwa Willie Totten. Mwaka 1984 Rice alidaka pasi 27 za tachidauni, yaani za kufunga, na akashika nafasi ya 9 katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, heshima ambayo wachezaji wa vyuo vya ngazi ile huipata kwa nadra sana.

Mbio zake zilipopimwa kwa saa, maskauti wengi walisema si mwepesi. Siku ya timu kuchagua vijana mwaka 1985, wadakaji wawili, Al Toon na Eddie Brown, walichukuliwa kabla yake. Bill Walsh, kocha wa 49ers, timu ya San Francisco, alikuwa amemwona kwenye televisheni akiwa hotelini Houston, akabadilishana nafasi za kuchagua na timu ya New England ili ampate akiwa wa 16. Msimu wa kwanza Rice aliangusha mipira hadi mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Desemba hiyohiyo alipata yadi 241 katika mchezo mmoja dhidi ya timu ya Rams, na hawakumzomea tena.

Nayasema haya sasa kwa sababu njia aliyopita inazibwa. Nyota wengine wa NFL walipita humo: Walter Payton alitoka Jackson State, Michael Strahan akatoka Texas Southern, vyote vyuo vya watu weusi. Tangu 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na wanaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima. Kulipwa ni haki yao; vyuo vilivuna kwa jasho lao miaka mingi mno. Lakini Rice alikaa Valley tangu 1981 hadi 1984, na siamini kama leo angeachwa afike mwaka wa tatu. Travis Hunter, mdakaji ambaye pia ni mlinzi, alichagua Jackson State akiwa miongoni mwa vijana waliogombewa kuliko wote nchini. Alicheza msimu mmoja, akamfuata kocha wake Colorado, akatwaa Heisman ya 2024 huko. Simlaumu kijana. Nalaumu mgawanyo wa fedha za televisheni, ambao huvipa vyuo vichache mafungu makubwa na kuvifanya vyuo kama Valley kuwa vitalu vya wengine.

Kwa hiyo, Mhariri, mtakapoandika tena kuhusu Rice, wapeni nafasi Cooley na Totten. Totten alirudi Valley akawa kocha mkuu kuanzia 2002, na uwanja wa chuo hicho unaitwa Rice–Totten.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Marekani